Presha ya boila inapanda hadi 3 ikipata moto, asubuhi iko 0.4: ni valvu au ni mtungi?

mtoto_wa_makorora (Leicester), Jumapili mchana

Assalam alaykum, na poleni na baridi ndugu zangu.

Naomba msaada wa mtu anayezijua boila za majumbani huku Uingereza. Nyumba yetu ni ya zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, vyumba vitatu, rejeta 7 (vile vyuma vya ukutani vya kupashia vyumba). Boila ni kombi, yaani hiyohiyo moja inapasha rejeta na maji ya bombani. Ina miaka 9, imetundikwa jikoni juu ya mashine ya kufulia, na mpaka Novemba haikuwahi kunisumbua.

Hali yenyewe ni hii. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Nikirudi saa mbili asubuhi naikuta geji iko 0.4, boila imejizima, rejeta zote baridi. Nafungua koki mbili za ule mpira wa kujazia chini ya boila, nasikia maji yanaingia, nafikisha 1.2, nafunga, nawasha. Juzi nilikaa nayo saa mkononi. Baada ya dakika 20 ilikuwa 2.9, na mara bomba la shaba lililotokeza ukutani upande wa uani likaanza kutema maji ya moto mpaka mvuke ukaziba dirisha. Ikipoa, geji inarudi palepale, 0.4 au chini yake. Usiku maji yale yanaganda, sakafu ya uani imekuwa barafu tupu.

Desemba nilimwita fundi. Akabadilisha valvu ya usalama, nikalipa pauni 180, akaondoka baada ya dakika 40. Siku ya tatu bomba likatema tena. Nilipompigia akaniambia nijaze maji machache zaidi. Nimejaribu 0.8, mambo ni yaleyale.

Ninachoumia zaidi ni mama. Amekuja kutoka Tanga mwezi uliopita, ana miaka 74, hajawahi kuishi kwenye baridi ya namna hii. Analala na sweta mbili, khanga kichwani na nyingine miguuni, na hasemi kitu kwa sababu hataki kunipa mzigo. Jana nilimkuta jikoni amevuta kiti mbele ya oveni, mlango wake wazi. Roho iliniuma sana.

Jirani anasema ndani ya boila kuna mtungi wa hewa, huenda ndio umekufa. Je, ni kweli? Naweza kuushughulikia mwenyewe? Na huku kujaza maji kila siku kunaharibu kitu?


bomba_na_spana (Birmingham), Jumapili usiku

Wa alaykum salaam dada, na shikamoo kwa mama.

Nianze na yeye. Kama oveni yenu ni ya gesi, asiitumie kuota moto hata dakika kumi. Gesi ikiungua kwenye chumba kilichofungwa inaweza kutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inamchukua mtu akidhani ni usingizi tu. Kesho asubuhi mnunulie hita ndogo ya umeme, halafu boila tuitengeneze bila papara.

Mimi mzaliwa wa Wete, huu mwaka wa 14 nafanya kazi hii huku, nimesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, kwa sababu ulikaa na saa.

Valvu uliyolipia haikuwa na kosa. Imetengenezwa ifunguke presha ikifika 3 bar (hizo namba za geji yako ni bar) ili kitu kingine kisipasuke, na ndicho ilichokuwa inafanya. Swali la kuuliza ni nani anaisukuma presha mpaka huko.

Maji yakipata moto yanatanuka. Kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 yanaongezeka karibu asilimia 3. Nyumba ya rejeta 7 inaweza kuwa na lita 70 au 80 zinazozunguka ndani ya mabomba, kwa hiyo kuna lita mbili hivi za ziada zinazotafuta pa kukaa. Mfumo umefungwa pande zote, na maji hayabanwi. Hewa ndiyo inayobanwa. Ndiyo maana wakaweka huo mtungi aliokutajia jirani. Ni wa chuma, mara nyingi umebapa, kwenye kombi nyingi una lita 8 hivi, na katikati una kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo yako maji ya rejeta, upande wa pili kuna hewa au naitrojeni iliyojazwa kiwandani, kwa kawaida 0.75 hadi 1 bar. Maji yakitanuka yanakisukuma kiwambo, hewa inajikunja kuwapisha, geji inapanda kidogo tu. Hewa ikishakwisha, kiwambo kinalala ukutani na maji yanaujaza mtungi wote. Hapo hakuna tena pa kupisha, geji inaruka mpaka 3, valvu inafunguka. Na yale maji yaliyokwenda uani hayarudi, ndiyo sababu mfumo ukipoa unaikuta 0.4.

Hewa hiyo hupungua yenyewe polepole, kama tairi ya baiskeli iliyowekwa stoo. Miaka 9 bila kuguswa, sishangai. Inatakiwa ipimwe kwenye huduma ya kila mwaka, lakini wengi wetu wanairuka kwa kuwa inakula muda, na kwa kweli hili linanikera.

Kabla hujashika pampu ya kuurudishia mtungi hewa, ondoa shaka moja. Zima boila ipoe kabisa, jaza mpaka 1.2, kisha usiiguse kwa saa kadhaa. Ikipanda ikiwa baridi, tatizo si mtungi bali maji ya mtaani yanapenya ndani. Ama koki za mpira wa kujazia hazifungi sawasawa, ama zile sahani ndani ya boila zinazopasha maji ya bombani zimetoboka. Uondoe mpira wa kujazia uone. Hata hivyo haukutakiwa kubaki umefungwa baada ya kujaza. Ikiendelea kupanda mpira ukiwa umeondolewa, ni sahani. Ikipanda kwenye moto tu, rudi kwenye mtungi.

Halafu tafuta valvu inayofanana na ya tairi ya gari, yenye kifuniko cha plastiki. Kwenye boila nyingine iko juu, unaiona ukipanda kwenye stuli. Nyingine imejificha nyuma ya mfuniko wa mbele, na hapo nakuomba unisikilize vizuri. Kwenye boila nyingi za sasa mfuniko huo ndio unaoziba chumba cha moto. Kitabu cha boila kitakuambia. Kama ni hivyo, usiufungue. Kazi ya namna hiyo kwa sheria ni ya mtu aliyesajiliwa Gas Safe, na mwombe akuonyeshe kadi yake. Nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa.

Kama iko juu na unaifikia bila kufungua chochote, boila ikiwa baridi, bonyeza ile pini kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Yakitoka maji, kiwambo kimetoboka na hakuna pampu itakayokisaidia. Ikitoka hewa au kusitoke kitu, kuna matumaini.

Kuhusu kujaza kila siku: ndiyo, kunadhuru. Maji mapya yanaingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta, na kutu ile inakuwa tope jeusi linalokaa chini ya rejeta na ndani ya pampu ya boila. Nimeshakuta mtungi mzima kabisa, ila kale kabomba kanakouunganisha na mfumo kamezibwa na tope, boila ikawa na dalili zilezile zako. Tena kila ukijaza unazidi kuipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu inayotiwa kwenye maji ya rejeta.

Niletee jibu la pini.


mpangaji_mashariki (London), Jumatatu

Samahani nadandia. Mimi dalili hizohizo, lakini nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba anasema nijaze maji tu, "ni boila ya zamani". Na mimi ninunue pampu?


bomba_na_spana (Birmingham), Jumatatu

Hapana ndugu yangu, usiiguse. Kwa England, sheria ya wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze vyombo vya kupasha nyumba na vya maji ya moto, isipokuwa kwa baadhi ya mikataba ya muda mrefu. Na vyombo vya gesi lazima avikaguze kila miezi 12 kwa mtu wa Gas Safe, wewe upewe nakala ya cheti. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo. Piga picha ya geji ikiwa baridi na nyingine ikiwa ya moto, uambatanishe. Akikaa kimya, nenda halmashauri ya mtaa wako.


pampu_mbezi (Dar es Salaam), Jumatatu

Nimesoma nikatabasamu kwa sababu kitu hichohicho tunacho huku, ila si cha joto. Ni lile tangi la presha linalokaa pembeni ya pampu ya maji ya nyumbani. Lina mpira ndani na valvu ya tairi kwenye kitako. Wateja wangu wengi wa Mbezi na Goba wananiita wakisema pampu imekufa: ukifungua bomba hata la kunawia mikono, pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, tak tak tak. Pampu nzima kabisa. Tangi halina hewa. Unazima umeme, unafungua bomba maji yote yatoke, unajaza hewa chini kidogo ya presha inayowashia pampu. Kama inawaka 1.4 bar, weka 1.2. Asipojaza, mwisho wake anaunguza mota kweli.

Dada wa Tanga, usisahau hilo la kutoa maji kwanza. Vijana wanajaza hewa tangi likiwa na maji, kipimo kinawadanganya.


mtoto_wa_makorora (Leicester), Jumatano

Asanteni sana. Hita ya umeme imenunuliwa, mama anawasalimu nyote, na wewe fundi wa Wete amekuombea dua kwa jina la "yule kijana".

Jaribio la baridi: saa 6 nzima geji haikusogea kutoka 1.2. Kwa hiyo si maji ya mtaani. Valvu ya mtungi iko juu kabisa, nyuma kidogo, naifikia nikipanda kwenye stuli, sikufungua kitu. Kitabu nimekipata kwenye droo, kinasema 0.75. Nikabonyeza pini: kimya. Si hewa si maji.

Basi nikachukua pampu ya mguu ya gari. Ikafika 1.5 upesi sana, lakini geji ya boila nayo ikapanda pamoja nayo, nikaogopa nikaacha. Nilipowasha, ilifika 3 kama kawaida. Ujumbe wa ndugu wa Mbezi nimeusoma baadaye. Nimeharibu kitu?


bomba_na_spana (Birmingham), Jumatano

Hujaharibu, dada. Ni hilo alilosema fundi wa Mbezi. Maji yalikuwa yanasukuma kiwambo kutoka upande wa pili, kwa hiyo pampu ilikuwa inakusomea presha ya maji, si hewa ya mtungi. Upande wa maji lazima uwe sifuri, na ubaki wazi muda wote unaojaza.

Fanya hivi ukiwa na siku ya mapumziko. Zima boila kwenye swichi ya ukutani, iache ipoe kabisa. Chini yake kuna bomba mbili nene za rejeta, la kwenda na la kurudi, kila moja lina valvu. Zifunge zote mbili kwa spana. La gesi lipo hapohapo, lijue na usiliguse. Kama huna uhakika lipi ni lipi, nipigie picha kwanza. Tafuta koki ya kumwagia, vika mpira, upeleke kwenye ndoo, fungua. Geji ikisoma sifuri, usifunge.

Sasa anza kupampu. Utaona maji yanatoka tena kwenye mpira ingawa ulidhani yamekwisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamekaa mahali pa hewa. Endelea mpaka yakome, kisha hesabu 0.75 kwenye pampu. Kama pampu yako inasoma psi, ni 11. Subiri dakika 10 upime tena. Ukichomoa pampu hewa kidogo hupotea, kwa hiyo zidisha kidogo sana. Paka maji ya sabuni kwenye pini uone kama kuna mapovu. Kisha funga koki ya kumwagia, fungua zile valvu mbili, jaza mpaka 1.3, toa hewa kwenye rejeta kuanzia za chini, jaza tena, halafu uondoe mpira wa kujazia.

Jambo la mwisho. Funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa lile bomba la shaba la uani, ulegee kidogo, kwa rababendi. Valvu iliyofunguka mara nyingi hunasa chembe ya tope kwenye kikalio chake na kuanza kudondosha hata presha ikiwa sawa. Mfuko utakuambia. Na niambie ndoo imepokea lita ngapi.


mtoto_wa_makorora (Leicester), Jumamosi

Nimeifanya leo asubuhi, mume wangu ameshika mpira, mama ameshika tochi. Picha uliyoijibu jana usiku ilinisaidia sana, bomba la gesi nilikuwa nalidhania ndilo la kurudi. Nakushukuru mno.

Ndoo ilipokea karibu lita 6. Maji meusi kama wino wa pweza, na yana harufu ya chuma. Nilipampu mguu ukauma. Kwanza maji yalikuja kwa nguvu, kisha matone, kisha basi. Baada ya dakika 10 kipimo kilikuwa palepale, sabuni haikutoa povu.

Imewaka saa tano. Baridi 1.3. Ilipopata moto kabisa, rejeta zote 7 za moto hadi juu: 1.8. Nimesimama pale nusu saa sikuamini. 1.8!


bomba_na_spana (Birmingham), Jumamosi

Alhamdulillah. Kutoka 1.3 hadi 1.8 ni kupanda kidogo tu, ndivyo mtungi wenye hewa unavyotakiwa kufanya. Lita 6 zile, ukitoa maji machache ya boila yenyewe, zote zilikuwa zimekalia nafasi ya hewa.

Sasa usiiamini mapema. Andika namba ya baridi kila asubuhi kwa wiki mbili. Ikianza tena kupanda kuelekea 3 ndani ya siku chache, hewa inavuja au kiwambo kimechoka. Hapo mwite mtu wa Gas Safe. Kama mtungi wa ndani uko nyuma ya boila, asikuambie lazima ubadilishe boila nzima: anaweza kufunga mtungi mwingine wa nje kwenye bomba la kurudi, ule mwekundu, boila ikabaki ilipo. Na kwa weusi huo, dawa ya kuzuia kutu irudishwe haraka.


mtoto_wa_makorora (Leicester), Jumanne ya wiki ya pili

Ripoti. Geji baridi: 1.3, 1.3, 1.2, 1.1, 1.1, 1.0. Ikiwa ya moto haikuwahi kupita 1.8. Lakini mfuko wa uani kila asubuhi ulikuwa na maji, kama nusu glasi. Kwa hiyo ulisema kweli, valvu imenasa uchafu.

Jana amekuja fundi mwingine, nimeiona kadi yake mbele na nyuma kabla hajafungua boksi. Nikamwonyesha karatasi yangu ya namba na mfuko. Akasoma yote, akaupima mtungi mwenyewe, akaukuta 0.75, akasema umeshika. Akabadilisha valvu, akatia dawa, akaniachia kijikaratasi cha tarehe nikakibandika ubavuni mwa boila.

Leo asubuhi nimerudi kazini: 1.3, mfuko mkavu. Mama amekirudisha kiti sebuleni, amevua sweta moja, na ameniuliza kama hapa Leicester wanauza nazi za kukuna. Mfuko bado nimeuacha kwenye bomba, nitauangalia mpaka Jumapili.